Kitabu Masikioni: Tahadhari kwa Abiria

Ndugu msikilizaji mtarajiwa, hongera. Umesikia kwamba siku hizi vitabu vinasikilizwa, ukapiga hesabu, ukaona kuwa saa tatu unazopoteza kila siku kati ya Mbagala na Posta zingetosha kukufanya msomi. Hesabu yako ni sahihi. Ulichosahau kujiuliza ni kama utakuwa umekaa au umesimama, na ni nani atakayekuwa anakusomea.

Tuanze na Tolstoy, kwa kuwa kila mgeni huanza naye na wengi huishia hapohapo. Vita na Amani, kikisomwa chote bila kukatwa, ni saa 60 hivi. Kwa foleni yetu huo ni mwezi mzima wa kazi, siku za mvua hazimo. Lakini saa si tatizo, tatizo ni majina. Mrusi mmoja ana jina lake, jina la baba yake, jina la ukoo na jina la kudekezwa nyumbani, na mwandishi huokota lolote lililo karibu. Mwenye kitabu mkononi hurudi nyuma kurasa tatu akamtafuta mtu wake. Wewe mkono mmoja umeshika bomba, wa pili unalinda mfuko wenye simu. Utarudi nyuma kwa kutumia nini? Mimi nilimpoteza Pierre pale Uhasibu, konda alipoanza kudai nauli, na nilipompata tena alikuwa amekwisha kuoa. Nani kamwozesha na mahari ilikuwa kiasi gani, sikujua mpaka Mtoni kwa Azizi Ally, na hata hapo nilikuwa nabahatisha.

Wazoefu watakushauri uongeze mwendo wa msomaji, kitabu kisomwe kwa kasi ya mara moja na nusu. Usithubutu. Nilijaribu, na jeshi la Napoleon likaingia Moscow kama watu wanaowahi daladala ya mwisho.

Kosa la pili la wageni ni kuchagua kitabu kwa jina la mwandishi. Kitabu cha kusikiliza ni mgeni atakayelala kwako siku kumi. Kabla hujamuuliza ukoo wake, sikiliza anavyokohoa. Programu nyingi hutoa kionjo cha dakika chache bure, na dakika hizo zina thamani kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye jalada. Sikiliza hasa pale mwanamume anapowasomea wanawake. Wako wasomaji ambao kwao kila mwanamke, awe bibi wa miaka 80 au jaji wa mahakama kuu, hulia kama mlango unaohitaji mafuta. Na kama kuna neno la kwetu ndani yake, lingojee. Niliwahi kununua riwaya moja, siitaji, ambayo msomaji wake ni fundi wa Kiingereza usiyeweza kumtia doa, lakini kila alipoliona neno “bwana” mbele yake alipunguza mwendo kama mtu anayetaka kuruka dimbwi, akaruka, akaanguka katikati.

Walio salama zaidi ni waandishi wanaojisomea wenyewe, kwa masharti. Michelle Obama amesoma Becoming kwa sauti yake, saa 19, na akapewa tuzo ya Grammy mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Kisikilizwe wakati wa kupiga pasi tu. Sauti ile imenyooka kiasi kwamba utajikuta unanyoosha hata soksi, kisha unawaita watoto uwaulize madaftari. Watoto wangu walikuja kukichukia bila kujua kina nini ndani.

Trevor Noah naye kajisomea Born a Crime, karibu saa tisa, na hapa nasema bila utani: usikinunue cha karatasi. Kitabu kizima ni ndimi. Mtoto anaokoka mitaani kwa kujua amjibu nani kwa Kizulu, nani kwa Kixhosa, nani kwa Kiafrikaans, na kwenye karatasi hayo yote unaambiwa tu, lakini sikioni yanatendeka. Mama yake anapozungumza, ni mama anayezungumza, na unaona aibu kwa makosa ambayo hukuyafanya wewe. Ila abiria ajihadhari na sura ya kwanza. Mama huyo anamsukuma mwanawe nje ya basi dogo, nalo linakwenda. Niliisikiliza nikiwa nimekaa kiti cha mlangoni, mlango wenyewe umefungwa kwa kamba. Halafu nikaangua kicheko peke yangu, na dada aliyekuwa pembeni yangu akahamishia mkoba wake bega la pili.

Sasa hadithi za upelelezi, ambazo zinataka uangalizi wa pekee. Taasisi ya wasioona ya Uingereza ilipoanza mwaka 1935 kuwapelekea watu vitabu kwenye santuri, wakiwemo askari waliopoteza macho katika Vita vya Kwanza vya Dunia, miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kilikuwa The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie. Aliyekichagua alijua anachofanya. Anayesimulia ni daktari wa kijijini, anasema “mimi” kwa utulivu wa daktari, na sikio huamini sauti tulivu upesi kuliko jicho linavyoamini wino. Zaidi ya hapo sisemi, hata ukininunulia supu.

Mkasa wangu na kitabu hicho uko kwenye Bluetooth. Siku ya mechi ya watani nilikuwa nimeunganisha simu na spika ya kinyozi wa mtaani kwetu ili tusikilize matangazo. Simu haisahau. Wiki mbili baadaye napita mbele ya kibanda chake, spika zangu za masikioni zimekwisha chaji, na ghafla Mwingereza mwenye sauti ya msiba anasikika kibandani akieleza kwamba marehemu amekutwa kitini na kisu kimeingia shingoni. Mle ndani alikuwamo mteja amelaza kichwa nyuma, povu limemjaa kidevuni, wembe uko hapohapo panapotajwa. Kiingereza chake hakikuwa kikubwa, lakini “neck” alilijua. Kinyozi aliinua mikono yote miwili juu kama aliyekamatwa. Tangu hapo, kila nikipita, ananizimia spika kabla ya salamu.

Lincoln in the Bardo cha George Saunders nitakipitia haraka, maana nilikisikiliza haraka. Toleo lake la sauti la mwaka 2017 lina wasomaji 166, na wengi wanasoma sauti za maiti wanaozungumza usiku makaburini. Umeme ulikuwa umekatika. Nilifika kama kwa maiti wa 30 hivi, nikaenda kulala kwa dada yangu.

Vya Abdulrazak Gurnah vinaumiza kwa namna nyingine. Afterlives ni habari ya pwani yetu tangu wakati wa Wajerumani: Khalifa, Afiya, Hamza, watu ambao ungeweza kuwapa salamu barazani. Unawasikia wanazungumza Kiingereza, na kichwa chako, bila kuombwa, kinaanza kuwarudisha kwenye lugha yao. Kwa hiyo unafanya kazi mbili kwa nauli moja. Paradise kimekwisha kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kuwa Peponi, na ninachokitamani ni kumsikia mtu wa Mji Mkongwe akikisoma taratibu, na kahawa yake pembeni, bila kuharakishwa na mtu.

Maana sisi hatukufundishwa kusikiliza na simu. Tenzi za kale zilitungwa zighaniwe mbele ya watu, na waliokulia enzi za Radio Tanzania wanamkumbuka Deborah Mwenda na kipindi cha Mama na Mwana: nyumba nzima inanyamaza kwa ajili ya sauti moja. Ndiyo sababu hatudanganyiki upesi na hizi sauti za mashine zinazosoma Kiswahili siku hizi. Ijaribu kwa neno “barabara”. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba ya kupita magari ina mkazo mahali pake na ya kufanya jambo sawasawa ina mkazo kwingine. Mashine niliyoisikiliza mimi ilimwambia shujaa wangu ashike bunduki njia ya lami.

Basi, kama lugha ndiyo inayokusumbua, utaelekezwa kwenye simulizi za mtandaoni, na hapo ndipo mwongozo huu unapotaka ukae chini. Jalada lina msichana anayelia na mwanamume mwenye suti. Kinanda hakinyamazi. Msimuliaji atafika pale mke anapoifungua simu ya mumewe, avute pumzi, akuambie ugonge kengele na kujiunga. Kisha sehemu inayofuata haipo; iko WhatsApp, kwa shilingi elfu moja, tuma kwa namba hii.

Mimi, niliyemwacha Tolstoy njiani na kuwakimbia maiti wa makaburini, nilituma elfu moja. Nikatuma nyingine. Jana nilitakiwa kushuka Zakhem. Nilipoinua kichwa daladala ilikuwa tupu, imezimwa, tumefika Rangi Tatu, na konda amesimama mbele yangu anahesabu chenji.

“Mzee, mwisho wa gari hapa.”

Nikachomoa spika moja sikioni. Akasikia kile kinanda, akatabasamu.

“Ahaa. Uko sehemu ya ngapi?”

“Ya kumi na nne.”

“Kumi na nne! Kumbe bado hujajua kwamba yule dereva ndiye…”

Niliirudisha spika sikioni, nikashuka mbio, nikatembea kurudi Zakhem kwa miguu.