Jinsi ya Kujenga Ghorofa Bagara na Bado Ukasalimiwa

Kwanza kiwanja. Usihangaike na pembezoni mwa mji; huko utajenga na nani akuone? Tafuta katikati ya watu, kwa mzee aliyehamia Bagara, hapa mjini Babati, wakati Babati bado wilaya ya Mkoa wa Arusha, kabla ya 2002 kutuletea Mkoa wa Manyara na makao makuu yake. Nyumba yake ina baraza, nyuma mahindi yamechanganywa na mbaazi, pembeni uzio wa minyaa.

Anza na huo uzio. Ung'oe. Wajuzi wa majina husema hata neno Manyara limetokana na jina la Kimaasai la mti huohuo, lakini wewe unajenga, hufundishi historia. Utaona uzio una pengo la kupita mtu mmoja, tena kiubavu. Hapo hupita watoto wa shule, bakuli la makande, chumvi ya kuazima, kuku asiye na haya, na habari za msiba kabla simu haijaita. Kwenye ramani yako pengo halimo. Pandisha ukuta wa tofali, juu yake upachike vipande vya chupa. Utomvu wa minyaa unaunguza macho, sawa, ila haujawahi kumfukuza aliyeleta makande.

Kibali kaombe halmashauri ya mji, na kama kiwanja ni cha makazi nawe chini unataka fremu sita za maduka, omba na kubadili matumizi. Majirani wakiuliza ghorofa ngapi, jibu: "Kidogo tu." Ghorofa moja ni kidogo tu. Tatu ni kidogo tu, mara tatu.

Madirisha ya vyoo yaelekee uani kwa jirani. Mama aliyezoea kusukwa pale nje atajifunza kusukiwa chumbani. Mlima Kwaraa, ambao akiuona umejifunika wingu huwahi kuanua nguo, hatauona tena. Mwambie siku hizi hali ya hewa iko kwenye simu.

Familia kumi na mbili, shimo moja la majitaka. Likijaa, subiri masika: maji yanajua njia ya Ziwa Babati, na viboko hawana mjumbe wa kuwasemea kikaoni.

Nisieleweke vibaya. Muuguzi aliyehamishiwa hapa juzi anataka chumba chenye choo chake. Amechoka kupanga foleni alfajiri, ndoo mkononi, kwenye choo cha wapangaji tisa, na foleni hiyo nayo ni sehemu ya huo mtaa wa zamani tunaoulilia sisi wenye nyumba zetu. Ghorofa mbili zilizosogezwa mbali na mpaka, shimo la kutosha na kageti ka nyuma vingemfaa kabisa. Tatizo, kageti hakalipi kodi ya miezi sita.

Ukishaezeka, pika pilau uwaite majirani. Watakuja, watakula, watasifu vigae.

Kisha siku moja utasikia hodi. Ni jirani wa upande wa pili, kwapani ana ramani imeviringishwa, amekuja kukuarifu kwa ujirani mwema. Mpe kiti. Mpe chai. Muulize taratibu madirisha ya vyoo yataangalia wapi, na ghorofa ni ngapi.

"Kidogo tu," atasema.