Jezi Kumi na Mbili Chumbani kwa Vifaranga

Muhula wa kwanza huwa tunaishi kwa amani. Michezo yake ni riadha, mpira wa kikapu, magongo, raga ya watu kumi na watano, na kwetu hakuna anayeicheza hata mmoja. Balaa hubisha hodi muhula wa pili, zinapoanza kandanda, netiboli na voliboli. Hapo mashindano hupanda ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa, na mwezi wa Agosti Afrika Mashariki. Mwaka 2024 hayo ya Afrika Mashariki yalikuwa Mbale, Uganda; mwaka 2025 yakaletwa Kakamega. Binti yangu wa pili, mwanafunzi wa kutwa hapa Illasit, Kajiado, amezichora ngazi hizo zote kwenye karatasi na kuibandika juu ya kitanda chake. Tangu Mei karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa na usemi nyumbani. Hata siku ya kupulizia nyanya dawa ilibidi kwanza iulizwe kama haigongani na mechi.

Binti ni libero. Mchezaji huyu aliingizwa katika kanuni za kimataifa za voliboli mwaka 1998. Kazi yake ni kukaa nyuma na kuokota yale makombora ya wapinzani. Haruhusiwi kuanzisha mpira wala kuruka wavuni kuzuia, na sharti avae jezi ya rangi tofauti na wenzake. Kwa hiyo ni nafasi inayomfaa mtu mfupi asiyeogopa kujitupa chini. Ufupi huo, kwa mujibu wa mama yangu, ambaye watoto humwita Kokoo, umetoka Tarakea. Mke wangu ni mzaliwa wa huko Rombo, Tanzania, ng'ambo ya mpaka, na akisikia hivyo hujibu kwamba kipaji nacho kimetoka hukohuko, maana yeye alicheza netiboli hadi akachaguliwa timu ya mkoa. Habari ya timu ya mkoa tunaisikia kila mwaka, kwa kawaida wakati wa chakula cha jioni.

Sasa, mashindano ya kaunti ndogo yalikuwa ya siku mbili, Loitokitok mjini. Siku ya kwanza wasichana walishinda mechi zao za kundi, na wakarudi na nusu ya uwanja migongoni. Shule ina seti moja ya jezi: kumi na moja nyeupe, na moja ya manjano ya libero. Jioni mwalimu wa michezo akafika kwa bodaboda, amekumbatia gunia.

"Mzee, shuleni mifereji imekauka," akaniambia. "Nimesikia ninyi mna tangi."

Kabla sijafungua mdomo Mama Watoto alikuwa ameshalipokea gunia. "Lete, mwalimu. Na soksi pia."

Kufua hakukuwa tabu. Mikono ilikuwepo: mke wangu, binti, na mdogo wake mke wangu, aliyevuka kutoka Tarakea adhuhuri kutuletea ndizi na kuchelewa kurudi. Huyu shemeji yangu ni mshonaji na ana maneno. Alisugua kola ya kwanza, ya pili, kisha akasema, "Dada, kwetu mwanafunzi akichaguliwa UMISSETA anavaa jezi ya mkoa. Kilimanjaro nzima iko nyuma yake. Hapa mnampa mzazi gunia?" Ni kweli, katika michezo ile ya shule za sekondari Tanzania mikoa ndiyo hukutana, mikoa na timu zake za mseto, wakati huku kwetu shule hupambana kama shule mpaka mwisho. Utaratibu upi ni bora sijui, ila nina hakika kwamba wa kwao unaziokoa karo za wazazi.

Tatizo lilikuwa kukausha. Illasit mwezi wa Juni si mahali pa kuanika nguo usiku. Kilimanjaro, na mita zake zote 5,895, hujifunika mawingu siku nzima, na baridi yake hushuka mpaka kwenye kamba zetu. Shati la leo hukauka kesho kutwa. Mke wangu akasema atazipiga pasi. Alipoichomeka, stima ikapotea mtaa mzima.

Tukabaki gizani, jezi kumi na mbili zinachuruzika kwenye beseni. Nikamwona Mama Watoto amegeuka kutazama kibanda changu cha kuku. Mle nilikuwa na vifaranga mia, wa wiki moja, na jiko la makaa chini ya chungu cha udongo, ule mtambo wa joto ambao kila mfugaji wa kuku anaujua. Ndicho chumba pekee chenye joto katika boma letu.

"Hapana," nikasema.

"Baba Watoto, sijasema kitu."

"Vifaranga watakufa."

"Vifaranga hawachezi nusu fainali kesho."

Wakahamishiwa sebuleni ndani ya katoni mbili, na Kokoo, ambaye hakuombwa, akavua shuka yake nyekundu akawafunika. Shuka ile ni nzito na ndege walinyamaza papo hapo. Kule kibandani kamba zikafungwa kutoka ukuta hadi ukuta, dirisha likaachwa wazi moshi upate pa kutokea, na jezi zikaning'inizwa kuzunguka chungu. Hapo ndipo mapenzi ya mama yalipoharibu mambo. Zile nyeupe, za watoto wa watu, zilitundikwa mbali kidogo. Ile ya manjano, ya mtoto wake, ikapewa mahali pazuri zaidi, karibu kabisa na chungu.

Harufu ndiyo iliyotuamsha alfajiri. Nguo hizi za plastiki haziungui kwa moto wa kuonekana, zinajikunja kimyakimya. Kifua cha jezi ya manjano kilikuwa kizima. Mgongo ulikuwa umeyeyuka, na nambari 8 imegeuka kitu kama ramani ya Ziwa Turkana. Binti hakulia. Alikaa kitako kwenye maranda, mikono kichwani, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kokoo akatoka na shuka yake mkononi. Upande mmoja vifaranga walikuwa wameufanya walivyotaka. Upande wa pili ulikuwa safi. Akamkabidhi shemeji yangu: "Kata hapa." Cherehani ya shemeji iko Tarakea, na basi la shule lilikuwa linaondoka jua likichomoza, kwa hiyo alishona kwa mkono, chini ya tochi ya simu, mdomo ukiwa umejaa pini na kwa mara ya kwanza hausemi. Mgongo mzima wa manjano ukatolewa, ukawekwa wa shuka nyekundu, na nambari 8 ikakatwa kutoka fulana yangu nyeupe ya kanisani. Binti akavaa, akainama mbele ya bibi yake, akaguswa utosi, akakimbilia basi.

Kwenye nusu fainali nilifika ukaguzi wa jezi umeanza. Refa alimgeuza libero wetu mbele, akamgeuza nyuma, akamwita mwenzake aje watazame pamoja. Manjano mbele, nyekundu nyuma. "Nambari inasomeka?" Inasomeka. "Rangi inatofautiana na ya wenzake?" Hata kipofu angekubali. Filimbi ikalia.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia lilikuwa harufu. Timu nzima ilinuka moshi na banda. Wapinzani waliliona hilo kwanza kwenye kupeana mikono, na haikuchukua dakika mashabiki wao wakaanza: "Kuku! Kuku! Kuku!" Na huku kwetu kulikuwa na mwanangu wa mwisho, wa darasa la sita, kiongozi asiye rasmi wa washangiliaji, ambaye nilikuja kumgundua akiwa na vifuniko vyote vya sufuria za mama yake. Akavigonga mara mbili, akainua shingo, akawika. "Kokorikooo!" Upande wetu wote ukaitikia. Tangu hapo kila libero alipookota mpira, watu mia mbili waliwika. Nimeona Michezo ya Wamaasai pale Sidai Oleng, Kimana, tangu ile ya kwanza ya 2012, morani wakirusha rungu na kuruka badala ya kuwinda simba, na mwanariadha David Rudisha mwenyewe akiwa mlezi wake. Pale napo kelele zipo, lakini za kuku sikuwahi kuzisikia.

Tulishinda seti mbili kwa moja, na fainali vivyo hivyo. Kokoo alipopewa habari aliuliza zawadi ni nini. Akaonyeshwa kikombe. "Hakuna ng'ombe?" Kule Kimana timu ya kwanza hupata fahali, kwa hiyo alibaki na mashaka kuhusu uzito wa ushindi wetu.

Ya kaunti nitayapitia upesi kwa sababu nayo yalitupitia upesi. Ilikuwa Kitengela, na kutoka Illasit kwenda Kitengela kwa barabara kuu unatoka Kajiado ili ufike Kajiado: unashuka Kimana mpaka Emali, unafuata barabara ya Mombasa ukipita Makueni na Machakos, ndipo unapinda Athi River kurudi katika kaunti yako mwenyewe umechoka kama mgeni. Wasichana walikutana na timu yenye viatu vya aina moja na kocha mwenye ubao. Seti mbili bila. Hata wangepita, mkoani Bonde la Ufa kuna Kesogon ya Trans Nzoia, na hao hawatishwi na kuwika. Libero wa Kitengela, hata hivyo, alimfuata binti baada ya mechi akataka wabadilishane jezi. Akakataliwa. Shuka ya Kokoo si ya kubadilishana.

Vifaranga walikufa wawili, na Mama Watoto anasisitiza kwamba walikuwa wanyonge tangu dukani. Mzozo uliobaki ni wa vifuniko. Viliondoka sita kwenda Loitokitok, vikarudi sita, ila viwili kati yake si vyetu. Kimoja kina kishikio cha waya, kingine kimeandikwa herufi mbili kwa rangi ya kucha. Hicho cha rangi ya kucha kinafunika sufuria ya wali barabara, na mke wangu ameanza kukizoea. Mwenye nacho aje kukichukua mapema, na akija atuletee kile chetu kikubwa chenye kovu ukingoni.