Bosi Mpya, Hasara Ileile

Shirika la Ndege Tanzania, lililoundwa mwaka 1977 baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika, lina jibu moja kwa kila hasara: mkuu mpya. Mwaka 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa. Ubia ukafa 2006. Akaja David Mattaka, kisha Paul Chizi, aliyekaimu hadi Waziri Harrison Mwakyembe alipomsimamisha mwaka 2012, ndege zikiwa za kuhesabu kwa vidole, na vidole vikabaki. Mwaka 2016 Rais Magufuli alimteua Ladislaus Matindi na kuleta ndege mpya, ila mmiliki akawa wakala wa serikali, na shirika likageuka mpangaji nyumbani kwa baba yake, tena wa kulipa kodi. Kwa mujibu wa mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali (CAG), hasara ya 2022/23 ilikuwa Sh56.6 bilioni. Mwaka 2024 kiti kilimwendea Peter Ulanga.

Bukoba, habari za uteuzi huwahi kuliko ndege. Uwanja wake mfupi wa kando ya Ziwa Victoria haupokei ndege kubwa kama Dreamliner, hivyo msafiri wa wilaya jirani ya Muleba, na kifurushi chake cha senene, hungoja pangaboi ileile, bosi awe nani.