Usukani Wenye Subira

Ukipanda bodaboda hapa Area D, Dodoma, mtazame dereva anapokata kona. Mikono inageuka kwanza, usukani unafuata, na tairi la mbele linakuja likipenda. Chama cha TANU nacho kiliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, na Serikali ikaja kufunga mizigo kwelikweli 2016. Pikipiki inafuata utaratibu uleule.

Kisa ni bushi, vile vipira vinavyokaa kati ya vishikizo vya usukani na chuma kinachobana shokapu za mbele. Kazi yake ni kumeza mtetemo wa injini ya pistoni moja kabla haujafika viganjani. Vikichakaa, usukani hucheza mbele na nyuma.

Si kwamba dereva hana hela. Pikipiki ina redio, taa za bluu, stika ya Simba na kifuniko cha kiti chenye manyoya. Bushi tu ndiyo haina bajeti, maana haing'ai wala haiimbi.

Fundi atamshauri afunge za alumini. Hizo hazichezi, ni kweli, lakini mtetemo ukikosa mpira wa kuumeza hupanda wenyewe hadi kiwikoni. Basi hukatwa kipande cha tyubu kuukuu, kikashindiliwa hapo, nati zikakazwa, na kazi ikaitwa maboresho.

Wiki ijayo muulize dereva mbona usukani unayumba tena. Atakujibu bila kupepesa macho kwamba upepo wa Dodoma ni mkali.