Rimu za Mheshimiwa

Rimu ya chuma haina adui. Hakuna anayeitazama mara mbili, na hakuna mwizi aliyeumia mgongo kwa ajili yake. Ipake rangi ya fedha kila baada ya Krismasi mbili. Ikipinda, ipeleke kwa fundi aigonge kwa nyundo hadi irudie umbo lake, kisha endelea na maisha. Miaka mingi pikapu ya shemeji yangu ilitembea juu ya rimu za aina hiyo, na sisi tunaokula kutokana nayo hatukuwa na neno.

Nasema tunaokula kwa sababu mimi ndiye mwenye daftari. Shemeji huendesha, dada yangu hupokea simu za wateja, mimi huandika kilichoingia na kilichotoka. Asubuhi ni marobota ya mitumba kutoka Gikomba hadi Toi. Mchana ni kabichi kutoka Marikiti. Mwisho wa mwezi ni msimu wa wanaohama, maana mwenye nyumba wa Kibera akipandisha kodi, mpangaji hugundua ghafla kwamba Kawangware kuna hewa nzuri. Kitanda, godoro, sufuria, mtungi wa gesi na kuku mmoja mwenye hasira: nauli moja, hakuna maswali.

Mambo yalianzia Kirinyaga Road, ambayo watu wa spea bado wanaiita Grogan. Shemeji alikuwa amefuata bushi za springi. Akarudi bila bushi, macho yamelegea kama ya mtu aliyetoka kuposa. Ameona rimu nne za Prado, aloi ya kiwandani, inchi 17, zimetoka Japani pamoja na tairi zake.

Kabla hujamcheka, ujue hesabu ilikuwa upande wake. Hilux Vigo yetu na Prado ya kati ya 2002 na 2009 zina bolti sita kila gurudumu, zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7, na tundu la katikati la milimita 106. Rimu ya hii huingia kwenye ile bila spesa na bila kubembelezwa. Laiti tungekuwa na ile Vigo ya chini yenye bolti tano, ndoto ingefia pale pale dukani.

"Hii ni mali ya Japani, mkubwa. Huko barabara hazina mashimo," muuzaji alimwambia. Shemeji akatoa pesa za karo ya muhula wa pili na kipande cha wa tatu. Dada alipouliza, akaelezwa kwamba aluminiamu ni nyepesi, kwa hiyo dizeli itapungua. Rimu ni nyepesi, sikatai. Ila tairi zilizokuja nazo zina upana wa milimita 265 badala ya 205 tulizozoea, na hizo si nyepesi hata kidogo. Ukurasa wa dizeli nimeuacha wazi hadi leo, nasubiri ipungue.

Kuhusu nati muuzaji hakusema lolote, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Nati ya rimu ya chuma ina ncha ya koni. Huzama kwenye tundu lenye mteremko na kuliweka gurudumu katikati. Rimu ya Prado haitaki koni. Uso wa tundu lake ni bapa, nayo inadai nati yenye shingo na washa pana ya kuukandamiza uso huo. Ukiitia ile ya koni itagusa ukingo tu. Mkono utahisi imekaza, spana itakuapia imekaza, na fundi wa Kawangware, karibu na steji ya 46, atalipiga gurudumu teke na kutangaza, "Hiyo imeshika, mzee. Hata Mombasa inafika."

Haikufika Dagoretti Corner. Tukiwa Naivasha Road ikaanza kusema ko-ko-ko. Shemeji akaongeza sauti ya redio, dawa ambayo wanaume wa familia yetu huitumia kwa kila ugonjwa wa gari. Mwendesha bodaboda akatufikia ubavuni akipiga kelele, "Gurudumu linacheza!" Shemeji akampungia mkono wa shukrani, akidhani anasifiwa. Nyuma tulibeba kabati, sofa, na mwenye sofa, mama mmoja aliyekataa kata kata kutenganishwa na mali yake. Ni yeye aliyeligonga paa la kebini kwa mwiko hadi tukasimama. Nati mbili hazikuwapo. Nne zilizosalia zilizunguka kwa vidole.

Nati zenyewe zilipatikana Grogan, mlango wa pili kutoka kwa yule muuzaji, kwa binamu yake. Zilitakiwa ishirini na nne, na kila moja ilikuwa na bei yake. "Rimu ni rimu, nati ni nati," binamu alifafanua, akihesabu pesa zetu kwa utulivu wa mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba tutarudi.

Baada ya hapo gari likasimama imara. Likapanda pia. Kipenyo cha tairi mpya kinazidi cha zile za zamani kwa takriban milimita 34, kwa hiyo bodi iliinuka milimita 17. Vijana wa kupakia wa Gikomba waliipima kwa macho, wakapata nusu mita, wakadai nyongeza ya kunyanyua. Na kwa kuwa kipima mwendo kiliendelea kuhesabu mizunguko akilini mwake kwa tairi ndogo, mshale ukisema 80 sisi tuko karibu 84, na kibandiko cha 80 kilicho nyuma ya gari kikawa uongo wa hadharani.

Lakini hayo ni mambo ya spana, na ya spana huwa na mwisho. Ya macho ndiyo hayaishi. Mama wa kabichi wa Makina, aliyekuwa akilipa nauli bila kunung'unika, alilizunguka gari lote kimya kisha akasema, "Baba, mwenye rimu hizi hawezi kushindwa kunipunguzia mia mbili." Mwosha magari akatangaza kwamba kuanzia sasa rimu zinahesabiwa mbali na gari. Mwenye nyumba alipita jioni, akasifu, akaaga, na notisi ya kodi mpya ikafika kabla ya Jumapili. Kanisani shemeji akateuliwa mgeni wa heshima kwenye harambee ya kununua viti. Kwenye kamati ya matanga ya jirani, jina lake lilihamishwa kutoka orodha ya wanaochangia usafiri hadi orodha ya wanaochangia ng'ombe.

Wala usiwalaumu. Prado katika nchi hii ni gari la mkurugenzi wa shirika, la mkubwa wa serikali, la mgombea aliyewakumbuka watu wake. Kibera imeyaona magari hayo yakija na wageni, kamera na ahadi, na imejifunza kuuliza mapema. Siku moja tulikata kona ya Olympic tukiingia Kibera Drive. Vijana waliokuwa kwenye ukuta waliziona rimu kwanza, wakainuka, ndipo wakalitazama gari.

"Mheshimiwa ametuletea nini?"

"Kabichi," shemeji akajibu kwa ukweli wake wote.

Wakachukua kabichi. Sitawasingizia: walipanga foleni, walishukuru, na mmoja aliuliza kwa adabu kama kuna fulana. Kabichi zilikuwa za yule mama wa Makina, nasi tukazilipa. Daftarini nimeziandika chini ya gharama za kampeni.

Kisha kuna usiku. Nairobi watu huchora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa, ili vikiibwa mtu avitambue anapovinunua tena. Shemeji akazichora rimu pia. Hakuridhika, akanunua nati za kufuli, moja kwa kila gurudumu, zinazofunguka kwa ufunguo wake maalumu. Ufunguo akakabidhiwa dada, dada akautia mkobani, na mkoba ukapanda basi la Siaya kwenda matangani. Asubuhi iliyofuata msumari wa mabati ukaingia tairi ya mbele tukiwa kwenye barabara ile inayounganisha Ngong Road na Lang'ata Road, ambayo nyumba za watu zilibomolewa mwaka 2018 ili ipite katikati ya Kibera. Fundi wa pancha akafungua nati tano kwa madaha, akafika kwenye ya sita, akajaribu spana zote alizokuwa nazo, na mwishowe akauliza kama hiyo ni ya mapambo.

Mzigo ulimaliziwa na mkokoteni. Ukiutazama vizuri, mkokoteni ule unatembea kwa ekseli ya pikapu iliyokufa na rimu mbili za chuma zenye rangi ya fedha, rangi ambayo niliipaka kwa mkono wangu. Dada aligawa rimu zetu za zamani ndani ya wiki moja: mbili kwa mwenye mkokoteni, moja kwa wakala wa M-Pesa pale Toi ashikizie mwavuli, na moja ilikwenda Siaya, ikatundikwa kwenye mti wa shule ya msingi, ambapo hugongwa kwa kipande cha nondo kuwaita watoto darasani.

Uchovu ulipomzidi, shemeji akaenda kuzidai. Mwenye mkokoteni alitaja bei ya kuuza, tena bila kupepesa. Wakala alisema upepo wa Toi ukija, mwavuli utamfuata Mungu. Mwalimu mkuu hakuombwa. Hakuna mtu na akili zake anayeng'oa kengele ya shule ili abebe kabichi.

Likabaki wazo moja: rimu za Prado zipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, zifanane na chuma, nasi turudi kwenye umaskini wetu wa heshima. Tukazipeleka Kawangware kwa kijana wa kupuliza rangi. Aliinama, akafuta tope kwa kidole gumba, akataja bei. Shemeji akaruka. Kopo moja la rangi nyeusi, pesa zote hizo?

Kijana alisimama wima, akajifuta mikono kwa kitambaa, akajibu kwa heshima zote: "Lakini mkubwa, hizi si za Prado?"