Basi la Mchumba Wangu Linaganda

Wewe uliyewahi kukaa nyumba moja na mke, watoto wawili, shemeji asiye na siku ya kuondoka na bibi mzaa mama wa mkeo, nakuomba uvute kiti. Yaliyonikuta kwa miezi miwili yanataka msikilizaji aliyekwisha kuyapitia.

Nianze na mchumba wangu. Bibi Nuru ni bibi yake mke wangu, na kwa desturi zetu mimi ni mume wake kabla sijawa mume wa mjukuu wake. Alikuja kwetu Tabata kutoka Pangani kutibiwa macho, safari ya wiki mbili, akiwa na begi moja la nguo na mfuko mkubwa wa nyuzi. Macho yalitibiwa yakapona. Huu ni mwezi wa saba tunaye, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana nyumba hii bila sauti yake ya alfajiri ingekuwa nyumba nyingine.

Ila macho yalipopona, vitambaa vilianza. Alifumia makochi yote, migongo na mikono. Alifumia televisheni, friji, redio na dramu la maji. Mtungi wa gesi ukavishwa sketi ya rangi ya maziwa yenye marinda. Kila kitambaa kilimchukua siku nyingi, na kila alipomaliza alikitandaza, akakinyoosha kwa kiganja, akaniita: "Mume wangu, njoo uone." Nilikwenda, nikaona, nikasifu kwa moyo wangu wote, kwa sababu kazi ya mikono ile ni nzuri kweli.

Sasa kompyuta. Niliinunua Kariakoo, ya mezani, mtumba uliotoka ofisini: prosesa nzuri ya wakati wake, ramu GB 8, kadi ya picha ya peke yake haina. Niliinunua kwa ajili ya masomo ya mwanangu Idrisa, ambaye yuko kidato cha tatu na hapa nyumbani anaitwa Dereva. Jina hilo alipewa na mdogo wake Zuhura, Redio Mbao, binti wa miaka 10 asiyeweza kulala na habari tumboni. Na Idrisa anastahili jina lake. Tangu ana miaka mitano anajua basi gani linatoka saa ngapi kwenda mkoa gani, na honi ya kila moja anaiiga kwa mdomo.

Mtoto wa namna hiyo ukimpa kompyuta, atafika tu kwenye Euro Truck Simulator 2. Ni gemu la malori lililotengenezwa na kampuni ya SCS Software ya Prague, likatoka mwaka 2012, na barabara zake ni za Ulaya. Lakini lina mlango wazi: mtu akijua kuchora anaweza kuliongezea magari na barabara zake, na vijana wa Afrika Mashariki wameliongezea mabasi yanayofanana na haya yetu, rangi na maandishi ya ubavuni. Dereva wangu alipopata basi la namna hiyo, kitabu cha Fizikia kikaanza kutafutwa chini ya kochi.

Ningepiga marufuku, lakini Bibi Nuru alikuwa amekwisha kupanda. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori la mkonge, akichukua mzigo kutoka mashamba ya upande wa Pangani kwenda Tanga mjini, na mara nyingi Bibi alisafiri naye, amekaa upande wa utingo. Jioni moja alimkuta Idrisa anaendesha, akasimama nyuma yake muda mrefu. Kesho yake alikuja na kigoda chake, akakiweka kushoto kwa kitukuu wake, akakaa. Toka siku hiyo baada ya Maghrib basi haliondoki bila yeye.

Tatizo ni kwamba basi lilikuwa linaganda. Picha za gemu, tofauti na za filamu, hazijapigwa zamani. Kompyuta inazichora papo hapo. Ikichora 60 kwa sekunde, kila moja inapewa kama milisekunde 16 na nusu hivi kukamilika, na jicho linaona mwendo laini. Zikiwa 30 unavumilia. Yetu ilikuwa inaondoka stendi vizuri, na baada ya kama dakika kumi inashuka mpaka picha 11, basi linaruka-ruka kama mtu mwenye kwikwi. Usiku mmoja Idrisa alikuwa analipita trela, picha ikasimama. Iliporudi basi lilikuwa korongoni, matairi juu. Bibi alishika kifua, akanigeukia: "Mume wangu, gari hili linaumwa. Litafutie fundi."

Umeshaambiwa maneno hayo na mtu unayempenda? Basi unajua kwamba usiku huo sikulala.

Wa kwanza kujitolea alikuwa shemeji yangu Hamisi, ambaye tunamwita Nusu Saa, kwa sababu kila kazi kwake ni ya nusu saa. Alikuja kuangalia nafasi ya kazi mwaka juzi. Akapakua programu moja inayojitangaza kwamba inaongeza kasi ya kompyuta mara tatu, bure. Asubuhi nikakuta programu nyingine nne ambazo hakuna aliyeziita, na matangazo ya kamari yanajifungua yenyewe mbele ya Redio Mbao, ambaye alimpelekea mama yake taarifa kabla sijavaa viatu. Jioni mbili zilikwisha katika kuondoa uchafu ule. Nakusihi msomaji, programu za namna hiyo usiziguse. Windows yenyewe ina vifaa vyake vya kurekebishia, na haikudai kitu.

Kwa mfano, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja unapata orodha ya kila kinachofanya kazi, na nyingine ya kila kinachojiwasha chenyewe kompyuta inapoamka. Nilivizima vyote nisivyovijua. Kumbe kimojawapo kilikuwa WhatsApp ya mke wangu, anayosimamia nayo upatu wa kina mama 20. Siku hiyo zamu ilikuwa ya jirani yetu wa nyumba ya tatu, ujumbe ukachelewa, na mpaka saa nne usiku getini kulikuwa na watu. Nilikiwasha tena kabla ya kuambiwa mara ya pili.

Mke wangu ndiye Waziri wa Nishati. Namba ya mita ya LUKU anaijua kichwani kama namba ya simu ya mama yake, na akipita koridoni anasoma uniti zilizobaki bila kusimama. Nilipobadilisha mpango wa umeme wa kompyuta, nikaitoa kwenye ule wa wastani na kuiweka kwenye wa nguvu kubwa ili prosesa isiwe inasinzia kila inapopumzika, aligundua. Sijui kwa njia gani. "Hicho kidude," alisema huku anamenya viazi, "kikila wati 100 kwa saa kumi, ni uniti nzima. Nani ananunua?" Hesabu yake ni sahihi kabisa. Tukakubaliana gemu ni saa moja na nusu, baada ya Maghrib, na taa ya barazani izimwe.

Nikahamia kwenye setingi za gemu lenyewe, na hapa ndipo nilipoona raha, kwa sababu kila swichi ina maana yake. Skrini yetu ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili, na kompyuta inazipaka rangi zote kwa kila picha. Nilishusha mpaka 1280 kwa 720, zikabaki chini ya milioni moja. Basi likakimbia! Lakini mchumba wangu alijikuna jicho akasema ameanza tena kuona ukungu, daktari hakumaliza kazi. Bibi wa watu anataka kurudishwa hospitali kwa ajili ya setingi yangu! Nikazirudisha nukta zote usiku huohuo.

Nikachimba zaidi, nikakuta kitu kinachoitwa skelingi kimewekwa asilimia 400. Maana yake kompyuta inachora nukta mara nne ya zile za skrini, kisha inazibana zitoshee, ili kingo za vitu ziwe laini. Kompyuta yenye kadi kubwa inaweza. Yetu haina kadi. Inachora kwa sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Dereva alikiri kwamba aliiweka mwenyewe ili apige picha za basi lake awaonyeshe wenzake shuleni. Niliirudisha asilimia 100, nikapunguza vivuli na majani ya kando ya barabara, na picha zikapanda mpaka 40.

Kisha vioo. Kila saitimira ya basi ni kazi ya pili, maana kompyuta inalazimika kuichora upya barabara ya nyuma, kioo kwa kioo. Nilivizima, zikapanda mpaka 47, nikaita watu waje waone. Bibi Nuru alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Vioo viko wapi?"

"Nimevitoa, mchumba, gari lipate mbio."

"Dereva hana vioo?" Aliinua kigoda chake. "Mimi gari hilo sipandi."

Vioo vikarudi. Hata wewe ungevirudisha.

Nilikwenda Kariakoo kununua ramu, kwa pesa niliyoiombea kibali kwa Waziri siku tatu. Hili nalo nalisema kwa mwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha: sehemu ile ya kuchora inaazima ramu ya kompyuta, na kijiti kimoja cha ramu ni kama njia moja ya kupita. Weka viwili vinavyolingana, katika nafasi zinazotakiwa, njia zinakuwa mbili. Niliongeza kijiti cha pili cha GB 8. Picha 58! Nusu Saa akapiga makofi, Redio Mbao akatoka mbio kwenda kutangaza kwa majirani, na mimi nikakaa kwenye kochi, kichwa juu ya kitambaa chenye maua, nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tabata.

Dakika kumi baadaye basi likaganda.

Siku nne sikuligusa. Aliyetoa jibu ni paka, kupitia kwa Redio Mbao. "Baba," alisema asubuhi moja, "paka amehama jikoni. Sasa analala juu ya sipiyu, anasema pana joto." Nikaenda kushika. Lile kasha, ambalo wengi wetu tunaliita sipiyu lote zima, lilikuwa la moto kama pasi. Niliweka programu ya kupima joto, nikamwambia Dereva aendeshe. Nyuzi 70. Nyuzi 85. Kwenye dakika ya kumi, nyuzi 98, na prosesa ikafanya inachofanya ili isiungue: ikajipunguzia mwendo yenyewe. Setingi zangu zote hazikuweza kushinda hilo.

Na juu ya kasha, msomaji wangu, kilikuwepo kitambaa. Kizuri kuliko vyote, cheupe chenye pindo la bluu, kimefumwa kikashuka mpaka sakafuni mbele na nyuma kwa heshima ya kompyuta ya mtoto anayesoma. Mbele kimeziba matundu ya kuingizia hewa, na nyuma kimeifunika feni inayotolea joto.

Usiku ule tulikaa kikao chumbani, mimi na Waziri. Nani amwambie? Yeye alisema hawezi, kile kitambaa Bibi alikifuma wiki tatu. Mimi sikuweza. Nusu Saa, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alisema tumwachie nusu saa, tukamkatalia. Tulilala hatujaamua.

Asubuhi, chai haijamiminwa, Redio Mbao akasema: "Bibi, kitambaa chako ndicho kinacholigandisha basi."

Kijiko changu kilisimama hewani. Bibi Nuru alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaweka kikombe chini.

"Linachemka?"

"Linachemka, mchumba."

"Na hukuniambia! Babu yao lori likichemka alifungua boneti, tukakaa chini ya mkorosho mpaka lipoe. Nani anafunika gari linalochemka?" Akainuka, akaenda sebuleni, akakivua kitambaa kwa mikono yake.

Tulifungua kasha siku hiyohiyo. Vumbi la miaka lilikuwa limelala ndani kama blanketi la pili. Tulilitoa kwa brashi ya rangi huku feni nimeishika kwa kidole isizunguke. Grisi inayokaa kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea ilikuwa imekauka na kugeuka unga, tukapaka mpya, tone moja tu. Jioni joto liliishia nyuzi 71. Dakika kumi zikapita, ishirini, saa nzima, na saitimira zote mbili zinafanya kazi.

Kitambaa kilipotea siku tisa. Siku ya kumi nilirudi kazini nikakikuta kimerudi juu ya kasha. Bibi alikuwa amekifumua pande mbili na kukifuma upya kikiwa na madirisha, moja mbele, moja nyuma, yaliyopimwa kwa vidole yakakaa sawasawa na matundu. Nikapitisha kiganja nyuma, hewa ya moto ikanipiga vizuri kabisa. Paka alikuwa anasubiri chini.

"Njoo uone, mume wangu," alisema, na kigoda kilikuwa kimeshawekwa kushoto. Idrisa aliwasha basi. Mbele yao lilikuwapo trela, refu, linapanda mlima taratibu.

"Tazama kioo chako kwanza, Dereva," alisema Bibi.

Akatazama. Na kutoka koridoni Waziri wa Nishati akatangaza kwamba zimebaki uniti tatu.