Ombi la Leseni ya Kasino: Barabara ya Kasindi, Beni na Butembo

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Fedha na wa Utalii, Kinshasa

Waheshimiwa,

Naomba barabara ya Kasindi, Beni hadi Butembo iandikishwe rasmi kuwa mji wa kamari. Nimeipita peke yangu kwa pikipiki, nikalala Beni njiani, nami nathibitisha kwamba vifaa vyote vipo. Zimekosekana taa za rangi na leseni tu.

Meza ya kwanza ni barieri: kamba imevutwa kati ya miti miwili, kando yake ameketi bwana mwenye kandambili na koti la mvua. Unatoka wapi? Unaenda wapi? Mbona uko peke yako? Jibu sahihi halipo, ipo noti. Ukiitoa, kamba inashuka. Ukibahatika unapewa jetoni, kikaratasi chenye muhuri usiosomeka, ambacho kamba inayofuata haikitambui. Kiwango hakijaandikwa popote. Kinategemea sura yako, mzigo wako na saa uliyofika.

Mchezo wa pili ni wa tarehe. Tarehe 16 Juni 2021, Rais wetu Tshisekedi na Museveni wa Uganda walikutana mpakani Mpondwe, wakazindua ujenzi wa barabara zetu: kilomita 80 za Kasindi hadi Beni, 54 za Beni hadi Butembo, na 89 za Bunagana hadi Goma. Tangu hapo kila kituo cha motari kina mtabiri wake wa siku ya kumalizika lami. Vijana wanaocheza pari ya mpira wa Ulaya wamejitoa. Wanasema mechi angalau ina dakika 90.

Mchezo mkubwa mnaucheza ninyi. Mei 2021 mlitangaza hali ya dharura ya kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri kwa siku 30. Zilipoisha, mkaongeza 15. Zilipoisha hizo, 15 nyingine. Kila mcheza kamari anaijua sauti hiyo: mara moja tu ya mwisho, bahati imekaribia. Ila yeye huweka mshahara wake mezani. Ninyi mmeweka mashamba ya kakao ya Beni, pamoja na waliokuwa wakiyalima.

Karata nazo zinagawiwa kwa namna yake. Desemba 2018, nchi ilipopiga kura, Beni na Butembo tuliambiwa tusubiri kwa sababu ya Ebola na usalama. Zamu yetu ilifika Machi 2019. Rais alikuwa ameapishwa tangu Januari. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kipimo hicho sisi ni mabingwa wa dunia.

Sasa hesabu. Nevada, jimbo lenye Las Vegas, mashine ya kamari hairuhusiwi kama haikuundwa kurudisha angalau asilimia 75 ya fedha zinazowekwa. Sisi hatuna tamaa hiyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena yakatwe palepale yanapokusanywa. Malori yanavuka Kasindi, ushuru unalipwa, lakini ile 40 hairudi. Nevada wangeifunga mashine ya asilimia 40 siku hiyohiyo. Sisi tungeipigia vigelegele, mradi ilipe.

Masharti ya leseni ni machache. Kasino hubandika sheria mlangoni: kila barieri iwe na orodha ya malipo halali, isiyo nayo kamba yake ikatwe. Kasino humlinda mchezaji mpaka afike kwenye gari lake: anayekula noti ya msafiri amfikishe salama. Tatu, ile asilimia 40 ilipwe.

Gharama zisiwatishe. Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea kuchangishana kutengeneza barabara ambazo kwingine ni kazi ya serikali. Hata kibao cha leseni tutakinunua wenyewe.

Tangu Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, utawala wa jimbo letu la Kivu Kaskazini umehamia Beni kwa muda, basi ofisi ya wakaguzi iko karibu. Karibuni mkague. Msije kwa ndege tu: anzieni Kasindi, mmoja mmoja, kwa pikipiki, bila msafara, na mbebe noti ndogondogo.

Wenu mtiifu,
Msafiri wa peke yake,
Butembo